Kesi ya Blanketi la Viraka

Kuna sauti moja nisiyoweza kuivumilia: sauti ya kitambaa kikichanwa. Juzi nilikuwa dukani hapa Same mjini, nanunua amerikani ya kuweka upande wa chini wa mablanketi ninayoshona. Kijana muuzaji akapima, akaitia mkasi kidogo kwenye ukingo, kisha akaishika huku na huku akavuta. Chaaa! Nikajikuta nimemkamata mkono. Nikamwambia, mwanangu, tumia mkasi mpaka mwisho. Akacheka, akaniambia, mama, kitambaa ukikichana ndiyo kinanyooka. Najua kinanyooka. Nilianza kushona kabla yeye hajazaliwa, najua kitambaa kikichanwa kinafuata uzi wake na mkasi unapinda. Lakini kuna mambo mtu hawezi kuyaeleza amesimama kwenye kaunta, na watu nyuma yake wanangoja zamu. Ninyi mmekaa, basi nitawaeleza ninyi, na nikipandisha sauti mnivumilie. Hasira hii ni ya zamani lakini haijachakaa.

Mimi nimezaliwa milimani, Chome, chini ya msitu wa Shengena. Watu wakisikia Same wanafikiria jua, vumbi na mkonge. Waje kwetu mwezi wa saba. Ukungu unaingia ndani bila kupiga hodi, unakaa mpaka saa nne asubuhi, na nguo uliyoanika mwanzo wa wiki unaikuta mwisho wa wiki ina unyevunyevu uleule. Kwetu mtoto asiye na blanketi anakohoa mpaka kiangazi.

Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge huko bondeni, upande wa Hedaru. Alikaa kambini na watu wa kila mkoa, Waha, Wangoni, Wanyiramba, akapanda kutuona mwisho wa mwezi. Maji ya mkonge yanakula nguo, jamani. Suruali mpya ikifika kule, baada ya muda mfupi magoti hayapo, na shati linabaki mgongo na kola. Baba alikuwa akirudi nyumbani na fuko la nguo za namna hiyo, na wanawake wa jirani wakamshauri mama azifanye matambara ya kudekia. Mama hakufanya matambara. Alikata viraka.

Ngoja niwaeleze kazi yenyewe, maana siku hizi naona watu wanaunga vipande vyovyote vya kitenge na gundi, wanatundika ukutani wanaita sanaa. Mama alikuwa na sheria zake. Kwanza nguo ilifuliwa, ikapigwa pasi ya mkaa, na harufu ile ya mvuke na majivu na jasho la zamani ndiyo harufu ya baba kwangu mpaka leo. Kisha aliigeuza nguo ndani nje, akatafuta sehemu ambazo jua halijaziona: nyuma ya mfuko, chini ya kola, ndani ya pindo. Humo rangi ilikuwa bado na ukweli wake. Aliweka juu yake kipande cha kadibodi alichokata kutoka boksi la sabuni, akachora kwa chaki, akakata akiacha nafasi ya ukucha pembeni kwa ajili ya mshono. Kitambaa kipya hakukitia hata siku moja bila kukifua, kwa sababu, alisema, kipya kikinywea kinavuta wenzake. Na kaki nzito hakuiweka jirani na popolini nyepesi. Alisema ni sawa na kuozesha msichana kwa mtu wa hasira, wa kuchanika anajulikana mapema.

Vipande vikishakatwa vilitandazwa kitandani, tukavitazama siku kadhaa, tukihamisha hiki huku na kile kule. Ndipo akaviunga kuwa mistari mirefu, na mistari ikaungana kuwa shuka moja. Chini ilikuja amerikani, katikati kikawekwa kitu cha joto, na vyote vitatu vikapigwa bandi, ile mishono mirefu ya kushikizia tu. Mwisho ndiyo kazi yenyewe ya mkono: mishono midogo inayopenya juu mpaka chini, kiraka kwa kiraka. Jioni nyingi nilimwona mama amevaa kizibo cha chupa kidoleni, anasukuma sindano.

Kiraka kimoja nilikishona mimi. Nilikuwa darasa la tatu, mshono ukaenda upogo kama njia ya mbuzi, na mama akachukua wembe aufumue. Baba alikuwepo siku hiyo. Akamzuia, akasema uachwe hivyo hivyo, ili siku akiingia na kuuona ajue amefika kwake. Kiraka chenyewe kilitoka kwenye ovaroli yake ya bluu. Kando yake kulikuwa na kipande cha shati la kijani alilopewa na dada yake, na kipande cha suruali ya kaki aliyomchumbia nayo mama. Kwa kuwa baba tulimwona siku chache, mimi na mdogo wangu Elia tulimsoma kwenye blanketi. Tuligombea nani alale upande wa ovaroli.

Katikati mama aliweka nini, sikujua. Wenzake walitia masweta yaliyokwisha, wengine viroba. Sehemu hiyo aliishona tukiwa shule. Niliporudi nilikuta kifuko kikubwa cheupe cha amerikani, kimefungwa pande zote, kizito, kinangoja tu kuwekewa uso. Sikuuliza. Kwa baridi ile ya Chome, mtoto akishapata joto hana swali.

Baba akafa. Homa ilimshika kambini, wenzake wakamleta mpaka Same, na kutoka Same akapanda kwetu akiwa ndani ya sanduku. Siwezi kusema zaidi ya hapo kuhusu siku zile, na kesi ninayowaeleza haihusu kifo chake. Inahusu watu wazima walio hai.

Kwetu, siku ya kuanua matanga, nguo za marehemu zinagawiwa. Ni jambo jema, sipingi. Kaka anavaa koti la kaka yake, mpwa anapata viatu, mtu anaendelea kutembea kijijini. Anayegawa ni mkubwa wa ukoo, na kwetu alikuwa baba mkubwa, kaka yake baba wa kwanza. Mtu huyu alikuwa mzee wa baraza kwenye mahakama ya mwanzo, na mahakama ilikuwa imemwingia kwenye damu. Mnajua tunavyotaniwa Wapare, kwamba tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Wenzetu wanacheka. Mimi sicheki, mimi kesi hiyo ya kuku nimelala chini yake.

Mjane siku hiyo hatoki nje. Anakaa ndani, juu ya mkeka, kanga kichwani, na wa kumsemea ni kaka yake. Mjomba alikuwa kijijini kwake Kileo, hoi kitandani, hakuweza kupanda mlima. Basi mama hakuwa na msemaji, na mimi nikafanywa tarishi: wazee wakiuliza jambo nje, nalipeleka ndani, mama akijibu, natoka na jibu. Mtoto wa darasa la tatu! Hebu niambieni, watu wenye ndevu zao, wakashindwa kuvuka kizingiti wamuulize mwanamke aliyefiwa.

Suti ikaenda kwa baba mdogo. Viatu, mkanda, mashati ya kanisani, kila kitu kikapata mtu. Kisha baba mkubwa akauliza kabuti liko wapi.

Kabuti hilo lilikuwa na historia. Babu alirudi nalo vitani, koti kubwa la jeshi, la sufu nzito ya kijivu, linashuka mpaka chini ya magoti. Alipozeeka alimpa baba, ingawa baba hakuwa mkubwa, kwa sababu baba ndiye aliyemuuguza. Baba mkubwa hakuwahi kulimeza jambo hilo. Kila tulipokutana kwenye mavuno au Krismasi alilitaja, ati kabuti la mzee huvaliwa na mkubwa. Sasa akanituma nikaulize. Mama alikuwa amejiinamia, akaniambia bila kuinua uso, "Waambie kabuti liliisha, marehemu akiwa hai." Nikatoka nikasema hivyohivyo. Baba mkubwa akaguna, akatazama wenzake kwa zamu. Wakati huo Elia alikuwa amechuchumaa karibu na miguu yake, anachezea kifungo kikubwa cheusi alichokipitisha kwenye uzi, anakivuta kinazunguka, vuuu, vuuu. Baba mkubwa akamwambia aache kelele, watu wazima wanazungumza mambo ya maana.

Mambo yangeishia hapo, tukala makande, watu wakaenda zao. Ndipo akatokea shangazi.

Shangazi, dada yao kina baba, alikuwa na kibanda cha mitumba pale Hedaru, barabarani. Nisikilizeni vizuri: mitumba. Mwanamke mwenye marobota ya nguo, anayelala juu ya nguo na kuamka juu ya nguo, gari lake lilichelewa, akafika amekuta zimegawiwa, na akaona dunia imemwonea. Alilia, na kilio chake sikukatai, alimpenda kaka yake kwa namna yake. Kisha akaingia chumbani kuweka mkoba, akaona blanketi kitandani kwetu. Akatoka amelikumbatia, linaburuzika mpaka uani. Akalimwaga mbele ya wazee, akaweka kidole kwenye kiraka cha kijani.

"Hili si shati la kaka nililomnunulia mimi? Mbona mmeniambia nguo zimekwisha?"

Mtu mwenye akili timamu angesema, dada, hilo ni blanketi la watoto, rudisha. Hakuna aliyesema. Macho ya baba mkubwa yaling'aa. Akavuta kigoda, akakohoa, akafungua kesi.

Ilichukua mchana mzima, na naomba mnielewe kwamba sitii chumvi. Hoja ilikuwa hii: blanketi lililoshonwa kwa nguo za marehemu ni nguo za marehemu, au ni mali ya aliyeshona? Mmoja akasema mbuzi akishakuwa supu bado ni mbuzi, mwenye mbuzi ana haki na supu. Mwingine akauliza, mti wangu ukichongwa kiti na fundi, kiti cha nani? Wakakumbushana kesi ya mzinga wa nyuki wa zamani za mababu. Kuna aliyemtaja mfalme Sulemani na yule mtoto wa kukatwa vipande viwili, wakatikisa vichwa kwa heshima, wala hakuna aliyeona kwamba wao wenyewe ndio walikuwa wanatafuta upanga. Mara kwa mara nilitumwa ndani. Nikaulize blanketi lilishonwa lini. Nikaulize uzi nani alinunua. Mama akanijibu kila swali kwa maneno machache, na jikoni makande yake yalikuwa yanachemka, maana wazee lazima wale, hata wakiwa wanakunyang'anya.

Nilitaka mama apige kelele. Nilisimama mlangoni nikimtazama, nikamwomba kwa macho. Yeye alikuwa na msemo wake, kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi siku ile nilisubiri mshindo, sikuusikia.

Hukumu ikatoka jua limeshaegemea. Baba mkubwa alisimama kuisoma, ingawa hapakuwa na karatasi. Vitambaa vilivyotoka kwenye mwili wa marehemu ni vya ukoo, vitagawiwa ndugu. Uzi, na kitambaa cha chini, na kilicho ndani, ni vya mjane, kwa kuwa hivyo ndivyo vilivyotoka mkononi mwake. Akanituma niipeleke. Niliipeleka nikilia kwa hasira. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba nirudie kipande cha mwisho. Nikarudia: uzi, na kitambaa cha chini, na kilicho ndani, ni vya mjane. Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba nimemletea salamu kutoka sokoni.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndivyo wanavyosema. Wao walimnyonga, na haki wakampa uzi.

Nje, shangazi alikuwa ameshatoa mkasi kwenye mkoba. Baba mkubwa akaupokea, akautia kwenye kona ya blanketi, akakata kidogo, kisha akashika huku na huku akavuta. Chaaa! Tabaka zote tatu. Ndiyo sauti niliyowaambia.

Hapo mama akatoka. Mjane, siku ya matanga, akavuka kizingiti akasimama mbele ya wazee wa ukoo, kanga imeteleza mabegani. Alikwenda moja kwa moja akashika ile kona iliyochanika, akaifumbata kiganjani.

"Shemeji, usichane," alisema. "Mmehukumu kwamba uzi ni wangu. Basi niacheni niutoe uzi wangu mwenyewe."

Wazee wakatazamana. Hoja ilikuwa ya kisheria, na kwa hoja ya kisheria watu wale walikuwa hawana ujanja. Mkasi ukarudishwa. Mama akaketi chini palepale uani, akaomba wembe, akaanza kufumua.

Nataka mjue kazi ya kufumua ilivyo. Unakata mshono mmoja, unaruka, unakata mwingine, unavuta uzi polepole kitambaa kisijikunje. Ukiwa na haraka, umekata kitambaa. Mama hakuwa na haraka. Alianzia upande wa mbali, kushoto kwake, akafumua mishono iliyoshika uso, mkono wake mwingine haukuiachia ile kona hata mara moja. Wembe alikuwa anaushika kwa vidole viwili, kazi nyingine anaimalizia kwa meno. Mimi niliona ni ukaidi wa majonzi. Kiraka kikitoka, anakitandaza gotini, anakinyoosha, anauliza kiende kwa nani. Jua likashuka, ukungu ukaanza kuteremka kutoka Shengena, wazee wakajikunyata kwenye makoti ya marehemu waliyogawiana, na hakuna aliyeweza kuondoka, maana mgawo ukishaanza hauachwi njiani. Makande yakapoa. Hakuna aliyethubutu kuuliza chakula.

Shangazi akapata shati lake la kijani, vipande vinavyotosha kufunga kidonda. Baba mdogo akapata kaki. Baba mkubwa akachagua kipande cheupe, laini, akisema bila shaka hii ni fulana ya ndani ya mdogo wake, iliyokaa karibu na mwili. Mimi nilikijua kile kiraka. Ilikuwa nepi ya Elia. Nikafungua mdomo, mama akanitazama, nikaufunga. Baba mkubwa akaikunja ile nepi kwa adabu zote, akaitia mfuko wa shati, upande wa moyo.

Na kiraka changu, kile cha mshono upogo? Kilikwenda kwa mzee mmoja ambaye hata jina la baba alikuwa analikosea. Nilikishika, akanitoa vidole kimoja kimoja, bila ukali, akisema sheria ni sheria, mjukuu wangu. Sitaki kuwadanganya: hapo ndipo nilipomchukia mama. Si mzee yule. Mama, aliyekaa chini na wembe wake, akiwarahisishia kazi. Nilisema moyoni, kama wangechana wangeonekana wachanaji, sasa umewafumulia mwenyewe, mikono yao safi.

Walipoondoka, mama aliokota nyuzi zote, akazizungusha kuwa donge, akaliweka ndani ya kopo lake la vifungo. Kifuko cheupe kilichobaki akakirudisha kitandani kwetu, akashona ile kona kabla hata ya kuosha vyombo. Baadaye alikivalisha uso mpya, wa kanga zake mwenyewe. Tulilala na joto kama zamani. Mimi joto lenyewe nililionea uchungu.

Miaka kadhaa baadaye nilipita Hedaru nikiwa sekondari, nikamwamkia shangazi kibandani kwake. Akaniitikia vizuri, akanipa soda. Dumu lake la mafuta ya taa halikuwa na kizibo, lilikuwa limezibwa kwa kitambaa. Kijani. Shati la kaka yake, alilolipigania kutwa nzima, akamnyang'anya mtoto wa kaka yake, lilikuwa limesokotwa limezibia mafuta ya taa! Niliiacha soda nusu. Mwambieni mtu mwingine kwamba damu ni nzito kuliko maji. Mimi niliona ni nyepesi kuliko mafuta.

Nikarithi sindano ya mama na hasira yangu mwenyewe. Nikaolewa, nikahamia hapa Same, nikaanza kushona mablanketi ya viraka ya kuuza kwa wanaopita barabara kuu. Mama sasa ni mzee, anakaa nami, analalamika joto la mjini. Mwaka jana binti yangu alipangiwa shule ya bweni huko milimani, na mama akasema apewe blanketi letu la zamani. Panya walikuwa wameitafuna kona. Nikakaa nalo barazani, nikafumua mshono nione kama ndani kumeoza.

Ndani kulikuwa na sufu. Ya kijivu, nzito, imefumuliwa kwenye mishono yake ya asili, ikapangwa bapa kipande kando ya kipande, mgongo, vifua viwili, mikono iliyopunguzwa pale nondo walipokula. Nikaingiza mkono, nikakuta mfuko. Mfuko wa ndani wa koti, mzima, na juu yake alama za vifungo vilivyokatwa. Vifungo vikubwa. Nikamkumbuka Elia amechuchumaa miguuni pa baba mkubwa, vuuu, vuuu, na baba mkubwa anamwambia aache kelele.

Nikamtazama mama. Alikuwa anapeta maharage, ungo mapajani, kama mtu asiyehusika.

"Kabuti," nilisema.

"Kwani ulidhani mlikuwa mnapata joto la nini?"

Akanieleza huku anaendelea kupeta. Baba mwenyewe ndiye alimwambia alikate, kabla hajaugua, kwa sababu nondo walikuwa wameanza na watoto wanakohoa. Alisema kabuti likining'inia kwenye msumari linamfaa mtu mmoja, na mtu huyo hayupo nyumbani. Kwa hiyo mama hakusema uongo. Lilikuwa limeisha kweli, marehemu akiwa hai. Lakini alijua wangeliona hata kipande, wangelichukua hata kipande. Kona ile aliyochana baba mkubwa ilikuwa inaonyesha sufu, nyuzi za kijivu zimechomoza, ndiyo maana aliifumbata mpaka mwisho, vidole vikafa ganzi.

Nilikasirika upya, na safari hii hasira ilikwenda inakopaswa. Miaka yote nilidhani mama alisalimu amri. Kumbe alikuwa amekaa mbele ya ukoo mzima akilinda kitu kimoja, na kwa ajili yake akawaachia suruali aliyochumbiwa nayo, akamwacha binti yake amchukie. Wala msiniambie alikuwa mjanja, mkaishia hapo mkipiga makofi. Mwanamke afanywe kuwa mwizi wa joto la watoto wake, ndani ya nyumba yake, chini ya mshono wake mwenyewe? Ujanja huo nani alimlazimisha ajifunze? Na hata leo, akifa mtu, nawaona wanapanda magari kutoka kila upande wakiwa na mikoba mitupu.

"Mama, na kama wangejua baadaye?" nilimuuliza.

"Wangejua nini? Si walihukumu wenyewe? Kilicho ndani ni cha mjane. Wewe ndiye uliyeniletea hukumu, nikakwambia urudie." Akapuliza makapi. "Niliogopa mkasi tu."

Nikamuuliza kama amewasamehe. Akasema zamani sana, siku ileile, walipokuwa wanateremka njia ya mtoni na baba mkubwa katangulia, mkono kifuani, na nepi ya Elia mfukoni. Akaanza kucheka, akacheka mpaka ikabidi aweke ungo chini, maharage yakamwagika barazani.

Nikacheka naye, ningefanyaje. Lakini mimi sijawasamehe. Nilipochukua sindano niifunge ile kona, mfuko wa babu ukiwa humohumo ndani, nilivuta uzi kwa hasira, mshono ukaenda upogo. Nikachukua wembe niufumue, na mama akanizuia.